Chupa ya Kitovu

Nyumba yetu ya Hamugembe haikuwa na kileo hata tone, na hilo nusura liniulie mtoto. Najua maneno haya yatawaudhi watu wa kanisa langu. Mimi mwenyewe bado ni wa kanisa hilo, sijahama wala sihami. Lakini nimezeeka, na sina tena nguvu ya kuchagua maneno ya kumpendeza kila mtu.

Mume wangu alikuwa mpishi wa enkonyagi kabla hajaokoka. Enkonyagi ni pombe kali ya kwetu: unakamua ndizi, unachachusha maji yake na mtama mpaka yawe rubisi, kisha unaichemsha rubisi hiyo na kuukamata mvuke wake kwa mrija. Serikali ya Waingereza iliikataza, watu wakaendelea kuipika migombani wakiwa na mtoto mmoja njiani wa kuangalia askari. Mume wangu alisifika kwa kuipika, na kwa kuinywa alisifika zaidi. Nilijua hayo kabla sijaolewa. Nilimpenda hivyo hivyo, maana alikuwa mcheshi, na mlevi mcheshi humdanganya msichana kirahisi.

Mtoto wetu wa kwanza alipokufa, walokole walikuja kuimba matangani. Mume wangu aliwafuata mpaka kwenye mkutano wao, akasimama mbele ya watu, akalia, akataja dhambi zake moja baada ya nyingine. Nyingine zilikuwa mpya hata kwangu. Aliporudi alivunja vyungu, akaukunja mrija na kuutupa, na ule mtumbwi wa mbao wa kukamulia ndizi akaufudikiza nyuma ya nyumba, kuku wakahamia chini yake. Akaapa kwamba kileo hakitavuka tena kizingiti chake. Kisha akafanya jambo lililowashtua wazee kuliko yote hayo, akamkana munywani wake.

Munywani si rafiki tu. Kwetu, watu wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana tunda moja la kahawa, kila mmoja akachukua punje yake, akaipaka damu ya chale iliyokatwa karibu na kitovu, wakabadilishana, wakameza. Baada ya hapo hakuna kunyimana kitu. Akija kwako na shida, shida hiyo ni yako. Munywani wa mume wangu alikuwa mpishi mwenzake wa Rwamishenye, mtu mkubwa wa mwili na mpole. Mume wangu alisimama kanisani akasema undugu ule ni wa gizani na ameufuta. Yule wa Rwamishenye alizisikia habari hizo kwa wapita njia.

Mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Mume aliyekuwa akiletwa nyumbani mabegani mwa watu sasa alikuwa akirudi kwa miguu yake, ananiambia habari za jioni, anakumbuka asubuhi alichoniambia. Nilidhani shida zetu zimekwisha, nikabeba mimba ya pili.

Mtoto wa pili naye akafa, na alikufa kama wa kwanza. Wote wawili walizaliwa wanene, wakanyonya vizuri, kisha asubuhi moja kinywa kikabana. Ziwa liko mdomoni na mtoto hawezi kulishika. Ukimgusa anakakamaa, mgongo unapinda, macho yanakutazama. Sitaki kueleza zaidi. Mama mkwe wangu ndiye aliyewapokea wote wawili, akawakata kitovu kwa kipande cha tete, akakipaka masizi ya chungu yaliyochanganywa na samli, kama alivyopakwa yeye na watoto wake wote. Alilia kuliko mimi. Hata leo siwezi kumchukia, ingawa wakati ule nilijaribu.

Mimba ya tatu nilikwenda nayo zahanati ya misheni nikiwa nimekata tamaa, naenda tu kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kunanitia wazimu. Nesi wa pale, mama Mhaya wa makamo, aliniuliza watoto wangu walikufaje. Nilipomweleza kinywa kilivyobana hakunihurumia, alikasirika. Aliniambia ugonjwa ule unaingilia kitovuni, kwa kisu kichafu na kwa masizi yale, na kwamba angeweza kunionyesha makaburi ya watoto wa namna hiyo kutoka Bukoba mpaka Muleba. Nilimpenda kwa hasira yake.

Nilijifungulia mikononi mwake. Alikata kitovu kwa wembe aliouchemsha, akakifunga kwa uzi uliochemshwa, akatia pamba kwenye chupa na kukipangusa. Harufu ilinipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Ilikuwa spiriti. Niliwahi kuiona pale ikipakwa watu begani kabla ya sindano, na kuwaka chini ya kichungu cha kuchemshia sindano kwa moto wa buluu usio na moshi. Alinimiminia kidogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa, akaziba kwa kizibo.

"Kila ukimbadilisha nguo, unapangusa kwa hii," aliniambia. "Mpaka kidondoke chenyewe. Usipake kitu kingine. Mama mkwe wako akija na chungu chake mwambie nimekataza mimi."

Alinipa pia habari ambayo sikuitilia maanani kwa furaha niliyokuwa nayo: kesho yake alikuwa anakwenda Nshamba na sanduku la dawa, kuna homa kule imewalaza watu, na mlango wa zahanati ungefungwa mpaka arudi. Nshamba ndiko nilikozaliwa. Nikampa salamu ampelekee mama yangu kwamba nimepata mtoto wa kiume.

Nyumbani niliificha chupa chini ya mto. Sikuificha kwa hila. Niliificha kwa sababu nilijua harufu yake ni ile ile ya mtungi wa mume wangu wa zamani, na nilitaka kutafuta saa nzuri ya kumweleza. Saa nzuri haikupatikana, maana walokole wenzake walikuwa wamekwisha kusikia kwamba nimejifungua. Walikuja kutushukuria.

Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia, maana kwetu mzazi hatoki mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, na damu nayo ilikuwa imenitoka nyingi. Wao walikaa upande wa pili kwenye majani mabichi tuliyotandika sakafuni, wakatafuna kahawa waliyokaribishwa, wakaimba. Katikati ya maombi mtoto alijikojolea. Nikambadilisha, nikakipangusa kitovu kama nilivyofundishwa. Harufu ikapita juu ya pazia, na wimbo ukafa kuanzia kwa walioketi karibu yangu mpaka mlangoni.

Dada mmoja wa ushirika akasema, "Ndugu, nyumba hii inanuka enkonyagi."

Kwa walokole neno kama lile halisemwi pembeni. Ndugu akiteleza unamwambia usoni, mbele ya wenzake, na yeye anatubu pale pale, na mnaimba. Nilisikia majani yakichakarika watu wote wakimgeukia mume wangu. Yeye alikuwa mpya kwao, na kila mmoja alikuwa akimsubiri aanguke, wengine kwa hofu, wengine nadhani kwa hamu.

Akafungua pazia. "Iko wapi?"

Nikampa chupa, nikasema ni dawa, ni spiriti ya zahanati, ni ya kitovu, muulize nesi. Nilisema yote kwa pumzi moja. Aliifungua akainusa, na nikaona mkono wake unatetemeka. Sikuuelewa mtetemeko ule saa ile. Akatoka nayo nje, watu wakimfuata, akaimwaga chini ya mgomba ulio mbele ya mlango mpaka tone la mwisho. Wakaimba wimbo wa ushindi. Nikajivuta mpaka ukutani, nikaingiza ngumi mdomoni ili nisipige ukelele juu ya wimbo wa Mungu. Hasira ile ikija leo bado huniletea joto masikioni.

Lililoniuma zaidi nilikuja kuliwaza baadaye. Kanisani tulikuwa na karabai, na karabai haiwaki mpaka upashe moto shingo yake kwa spiriti. Ile taa iliyotumulikia jioni tukiimba kuacha kileo ilikuwa inawashwa kwa kileo, na mwinjilisti ndiye aliyekimimina.

Walipoondoka nilimwambia mume wangu maneno ambayo mke hamwambii mume. Nilimwambia ameokoka yeye na amemtoa mtoto kafara. Aliketi kwenye majani, kichwa katikati ya magoti, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Niliiona jana chini ya mto. Niliishika. Mke wangu, niliishika muda mrefu. Sikuimwaga kwa ajili yao."

Hapo nikauelewa ule mkono. Sikupata nafasi ya kumhurumia, kwa kuwa asubuhi iliyofuata kitovu kilikuwa kimelowa, kinanuka, na ngozi pembeni imekuwa nyekundu. Mama mkwe aliingia na kigae cha chungu mkononi.

"Mwana wange, acha nikikaushe. Masizi yanakausha."

"Maawe, usimguse."

"Nimezaa, nimezalisha."

"Na umezika, maawe. Tumezika wote. Usimguse."

Aliketi mlangoni na kigae chake, akalia taratibu. Nami nilimkumbatia mtoto nikikifungua kinywa chake kwa kidole kila mara, kuona kama bado kinafunguka. Alinikasirikia, akanyonya kidole. Sijawahi kusali kama nilivyosali siku ile, na sala yenyewe ilikuwa neno moja tu, fungua.

Mume wangu alitoka kwenye mvua ya masika kutafuta spiriti. Njia aliyoizunguka siku ile alinisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, bila mzaha hata mmoja, yeye aliyekuwa hawezi kusimulia mazishi bila mzaha.

Alianza zahanati, mlango umefungwa. Kumfuata nesi Nshamba ni kwenda na kurudi kwa lori kama lingepatikana, na njia ilikuwa tope tupu. Akaenda hospitali ya serikali mjini. Mtumishi wa pale alikuwa akimsugua mgonjwa mgongo kwa spiriti hiyo hiyo, ili asichubuke kwa kulala. Akamjibu kwamba dawa haitolewi nje, amlete mtoto. Alisema kweli. Lakini mimi nilikuwa nimejaribu kusimama asubuhi nikaanguka, na mama mkwe alikuwa ameapa kwamba kichanga ambacho kitovu hakijadondoka hakitavushwa mlangoni kwenye mvua ile ila juu ya maiti yake.

Akaenda kwa mwinjilisti. Chupa ya karabai ilikuwa tupu, wanasubiri meli ya Kisumu. Akaenda kwa seremala, akamkuta anang'arisha kabati kwa kitambaa. Spiriti ilikuwepo, lakini yote imekwisha kuyeyushiwa vipande vya vanishi, imekuwa nyekundu na kunata kama asali. Akaenda dukani kwa Mhindi. Pale ilikuwepo chupa nzima, ya buluu, ya kuwashia majiko na taa. Mwenye duka alimtazama, akamkumbuka.

"Wewe nakujua," akamwambia. "Hii watu wanakunywa, wanapofuka macho. Wewe sikupi."

"Ni ya kitovu cha mwanangu."

Watu waliokuwa dukani walicheka. Mlevi wa jana anatafuta spiriti na anasema ni ya kitovu. Hata mimi ningecheka kama mtoto angekuwa wa mwingine. Mume wangu alipiga magoti pale dukani, maji ya mvua yanamtiririka, nao wakazidi kucheka, maana walevi hupiga magoti pia.

Basi akaenda Rwamishenye.

Munywani wake alikuwa migombani, chini ya kibanda cha majani, anapika. Hakumfukuza. Alimkaribisha kwenye gogo karibu na moto, akamsikiliza mpaka mwisho. Mume wangu alimwomba ile ya kwanza kutoka mrijani, kali kuliko zote, ambayo ukiitupia kijiti cha kiberiti inawaka.

"Ninayo," yule mtu akasema. "Na kama ni munywani wangu anaomba, ni yake, sina ruhusa ya kumnyima. Lakini munywani wangu alinikana mbele ya watu. Wewe uliyekuja ni nani?"

"Waitu, mtoto atakufa."

"Nimesikia. Nataka kujua mtoto ni wa nani. Kama ni wa mlokole, kesho utasimama kanisani utubu kwamba ulikuja hapa, utanitaja, na askari watakuja kuvunja vyungu vyangu. Kama ni wa munywani wangu, ni mwanangu mimi." Akajaza kibuyu kidogo, akaonja mwenyewe kwanza kama desturi inavyotaka, akamnyoshea. "Tunywe tuwe ndugu tena. Kisha uchukue yote."

Nimewaza sana juu ya mtu yule. Wengine niliowahi kuwasimulia walimwita shetani. Mimi siwezi. Aliumizwa, na alikuwa na kitu kimoja tu cha kumrudishia ndugu yake, akamrudishia hicho. Siku nzima watu wema walikuwa wamemnyima mume wangu, kila mmoja kwa sababu nzuri. Aliyempa ni yeye peke yake.

Mume wangu alikinywa kibuyu.

Aliingia nyumbani jioni, mwanga ungalipo. Nilimnusa kabla sijamwona. Bila kunitazama alitoa chupa, akamimina kidogo kwenye kijiko, akawasha kiberiti. Ikawaka moto wa buluu, usio na moshi, kama ule wa zahanati. Akanipa chupa, akaenda kukaa mlangoni kando ya mama yake. Nilipasua kipande cha kanga yangu iliyochemshwa, nikakilowesha, nikampangusa mtoto. Alilia kwa kinywa kilichofunguka chote. Nilimwacha alie kwa raha zake, nikimtazama ufizi.

Nilikipangusa usiku ule, na kesho yake, na siku zilizofuata. Wekundu ulirudi nyuma, kikakauka kikawa cheusi kama gamba. Siku kilipodondoka nilipiga vigelegele mpaka jirani wakaja. Mama mkwe alikipokea kwenye kiganja, akakitazama huku na huku, kisha kile kigae chake cha masizi akakitupa mwenyewe. Tukamtafuta baba wa mtoto aje kuona. Hakuwepo. Alikuwa Rwamishenye.

Nesi aliporudi kutoka Nshamba alikitazama kitovu, akakibonyeza, akafurahi.

"Spiriti ilitosha?" akauliza.

"Ilitosha," nikasema.

Mume wangu hakurudi tena upande wa waliookoka. Alijaribu. Mara mbili tatu walokole walikuja wakamwombea, akalia, akatubu, lakini jina la aliyempa enkonyagi hakulitaja hata walipombana, na walokole hawaamini toba inayobakiza kitu. Wakaacha kuja. Mtumbwi nyuma ya nyumba ukafuduliwa, kuku wakatafuta pengine pa kulala. Alikuwa mcheshi tena. Nilikuwa nimeuchoka ucheshi ule, nikaukuta umenirudia wote.

Mwanangu alikua akiletewa baba yake mabegani mwa watu. Alipoanza shule akawa anaona haya. Siku moja, bado ni enzi za Mwingereza, walikuja kutuambia baba ameangukia jembe huko migombani na mguu umepasuka, mtoto aende kumsaidia kumleta. Mwanangu alikataa. Alisema mlevi yule hajawahi kumfanyia lolote.

Nilimwita, nikamwambia afungue vifungo vya shati. Nikamwambia aweke kidole kitovuni mwake. Akaona haya, akaweka. Nikamsimulia yote haya niliyoandika hapa, nimesimama mlangoni, nikiwa na haraka, maana mguu ulikuwa unatoka damu Rwamishenye. Alinisikiliza kidole kikiwa pale pale. Alifunga vifungo vyake akatoka mbio, na jioni niliwaona wanakuja njiani, mkono wa baba umezunguka shingo ya mtoto.

Mtoto alikuwa amepitia zahanati akapewa pamba na chupa ya spiriti. Aliketi chini kwenye majani, akaanza kumsafisha baba yake kidonda. Harufu ilipopanda, mume wangu alifumba macho, akageuza uso ukutani, na mkono wake ukaanza kutetemeka vile vile kama siku ile.

"Mwanangu," akasema, "ukimaliza iondoe hiyo. Iondoe upesi."

Mtoto alinitazama. "Mama, niimwage?"

Nilimnyang'anya chupa kabla hajasimama. Nikaifungia sandukuni mwangu chini ya kanga, ufunguo nikauvaa shingoni, na mpaka siku tulipomzika baba yake sikuwahi kuuvua.